Kuongeza vyumba vya usawa wa ardhi kwenye nyumba ya zamani: uende nyuma, ubavuni au ufunge baraza?

Swali la kwanza huwa ni "mita ngapi?" Ni swali la maana, ila huulizwa mapema mno. Nyumba iliyokaa miaka thelathini, arobaini, hamsini, msingi wake umeshatulia, paa lake lina mteremko wake, na mabomba yake ya maji taka yamepita mahali ambapo hakuna ramani inayopaonyesha. Ukiiongezea chumba, chumba chenyewe ni kazi nyepesi. Kuta nne na paa kila fundi mzuri anazimudu. Kazi ngumu ni mshono: pale msingi mpya unapokutana na wa zamani, bati jipya linapoingia chini ya bati la zamani, sakafu mbili zinapotakiwa zilingane. Nyufa huanzia hapo, maji huingilia hapo, na fedha ya matengenezo huishia hapo. Kwa sababu hiyo kila chaguo hapa chini limepimwa kwa mshono wake kwanza, ukubwa wa chumba baadaye.

Kabla ya kuchora: chimba, funua, pima

Chimba mashimo mawili kando ya ukuta unaotaka kuungia, moja katikati na jingine karibu na mwisho wake. Upana sentimita 60, urefu mita 1 unatosha. Shuka taratibu hadi uone chini ya msingi, kisha simama hapo hapo. Usichimbe ukapita chini yake. Andika mambo manne: msingi umeshuka kina gani kutoka usawa wa ardhi, umetokeza nje ya ukuta kiasi gani, umejengwa kwa nini (zege, mawe, matofali ya kuchoma), na udongo ulioukalia ni wa aina gani. Chukua bonge la udongo huo ulio na unyevu, lisokote kama kamba. Likisokoteka hadi unene wa penseli bila kukatika, una udongo wa mfinyanzi, na mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Hilo litabadilisha kina cha msingi mpya kuliko kitu kingine chochote. Jaza mashimo siku hiyo hiyo, ukishindilia kila sentimita 15.

Nyufa zisome kabla ya kuziziba. Weka alama ya penseli kwenye ncha za kila ufa na uandike tarehe, kisha urudi baada ya miezi miwili, na tena baada ya msimu wa mvua kupita. Ufa uliopita alama unaendelea kutembea, na ukuta unaotembea hauungiwi kitu hadi sababu ijulikane. Nyufa zinazopanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha au kona ya nyumba mara nyingi zinatoka kwenye msingi. Ufa ukifikia upana wa milimita 5, acha kupima mwenyewe, muite mhandisi.

Kisha fungua kila chemba (shimo la kukagulia mabomba ya maji taka). Mwagia ndoo ya maji chooni, jikoni, bafuni, moja baada ya nyingine, na uangalie maji yanatokea chemba ipi na kutoka upande gani. Chora mistari hiyo kwenye karatasi ya nyumba. Nyumba nyingi za zamani bomba kuu limelala nyuma au kwenye ujia wa ubavuni, yaani palepale unapotaka kujenga.

Pima pia urefu wa chini ya ukingo wa paa kutoka sakafu ya ndani, mteremko wa paa, na kama kuna ghorofa, kimo cha kizingiti cha dirisha la juu. Vipimo hivi vitatu huua michoro mingi mizuri. Mwisho, nenda mamlaka ya ujenzi ya eneo lako uulize umbali unaotakiwa kuachwa hadi mpakani na kama ukuta ulio pembeni ni wako au ni wa pamoja na jirani.

Mita unazojenga na mita utakazotumia

Tuseme unaongeza nyuma chumba cha mita 4 kwa 3 kwa nje. Kuta za sentimita 20 zinakula pande mbili za upana na upande mmoja wa kina, kwa sababu upande wa nne ni ukuta wa nyumba. Unabaki na 3.6 kwa 2.8, yaani mita za mraba 10 na kidogo badala ya 12. Sasa chumba hicho kinafikiwa kwa kupitia chumba cha zamani chenye urefu wa mita 4. Njia ya kupita watu inahitaji sentimita 90, na hakuna atakayeweka kiti wala kabati kwenye njia hiyo. Umepoteza mita za mraba 3.6 ndani. Faida halisi ni kama sita na nusu.

Ndiyo maana tunashauri hesabu hii ifanywe kwa kila chaguo, pamoja na lile la kutoongeza chochote. Wakati mwingine kuondoa ukuta mmoja kati ya jiko na chumba cha kulia, au kuhamisha mlango kutoka katikati ya ukuta hadi pembeni, kunarudisha mita zile zile bila msingi wala paa. Mlango ulio katikati ya ukuta mfupi unagawa chumba vipande viwili; ukisogezwa konani chumba kinapata upande mzima wa kupanga vitu.

Kwenda nyuma

Hili ndilo chaguo la wengi, na mara nyingi ndilo sahihi, kwa sababu mshono ni mstari mmoja ulionyooka. Yanayoliharibu ni mawili: paa na mwanga.

Paa kwanza. Chukua nyumba isiyo na ghorofa, chini ya ukingo wa paa kuna mita 2.5. Unataka kuendeleza mteremko kwa mita 4 kuelekea uani. Kwa nyuzi 10, paa linashuka sentimita 70, na ukuta wa mwisho unabaki na mita 1.8. Mlango hauingii. Kwa nyuzi 5 linashuka sentimita 35, unabaki na 2.15, ambayo ni ya kubanana, na bati nyingi za migongo midogo haziruhusiwi kulala namna hiyo; maji yakisukumwa na upepo yanapanda kwenye maungio. Vigae ndiyo kabisa: vya kawaida vinataka karibu nyuzi 30, na kwa nyuzi 30 mita 4 zinashuka mita 2.3.

Kuna njia tatu za kutoka hapo. Ya kwanza ni kufungua bati za chini za paa la zamani na kuanzia paa jipya juu zaidi, ndani ya mteremko wa zamani. Kama paa la zamani lina nyuzi 20, ukirudi ndani mita 1.5 unapata sentimita 55 za ziada: unaanzia mita 3.05, unateremka kwa nyuzi 7 mita 5.5 zote, na ukingo wa nje unakaa kwenye mita 2.37. Hapo mlango na dirisha vinaingia, mradi bati uliyochagua inakubali nyuzi 7 kwa maelezo ya mtengenezaji wake. Sharti jingine ni kwamba kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) za zamani zinabeba mzigo ambao hazikupangiwa, kwa hiyo mhandisi azikague, na mbao zenye mchwa au zilizopinda zibadilishwe kabla.

Ya pili ni kugeuza paa jipya likingame, mgongo wake ukielekea uani, huku ukiingia kwenye paa la zamani na kufanya mabonde mawili. Chumba kinapata kimo kizuri, hata dari inaweza kupanda. Mabonde yatengenezwe kwa bati nzima ya upana wa kutosha, isiyoungwa katikati, na ncha zake za chini zimwage kwenye mfereji, zisiishie juu ya ukuta.

Ya tatu ni paa la kulala lililofichwa nyuma ya ukuta mfupi, na mfereji kati ya nyumba na chumba. Picha zake zinavutia. Kwenye nyumba ya zamani sisi tungeliweka mwisho kabisa. Fikiria maji: mvua ya milimita 100 kwa saa juu ya paa la mita za mraba 20 ni lita 2,000 kwa saa. Lakini nusu ya paa la zamani, tuseme mita za mraba 50, nayo inamwaga hapo hapo. Jumla ni lita 7,000 kwa saa, karibu lita 117 kila dakika, zote zikipita kwenye mfereji uliobanwa kati ya kuta mbili. Jani moja likiziba tundu, maji yanarudi ndani kwenye dari. Kama hakuna budi, mfereji uwe na upana wa angalau sentimita 30 ili mtu aweze kuweka mguu na kuusafisha, uwe na matundu mawili ya kutolea maji, na uwe na tundu la dharura linalomwaga nje mahali pa kuonekana, chini kidogo ya usawa ambao maji yangeingia ndani.

Nyumba ikiwa na ghorofa, hesabu inageuka: unapima kutoka kizingiti cha dirisha la juu kushuka. Acha sentimita 15 juu ya bati kwa ajili ya kukunjia kingio ukutani, na sentimita nyingine 10 chini ya kizingiti. Baki ndiyo mteremko wako.

Sasa mwanga. Mwanga wa dirisha huingia ndani vya kutosha hadi kama mara mbili au mbili na nusu ya kimo cha juu ya dirisha. Dirisha linaloishia mita 2.1 linaangaza mita nne hadi tano. Chumba cha zamani chenye kina cha mita 4 kilichosogezewa dirisha lake mita 4 mbele kinakuwa pango, taa zinawaka mchana. Jaribio lake halina gharama: tundika turubai zito nje ya dirisha la chumba hicho, likitokeza kama paa hadi pale ukuta mpya utakapokuwa, liache siku nzima. Keti ndani saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ukiona hausomi gazeti, mchoro unahitaji dirisha la paa juu ya mshono, au ua mdogo wa mita 1.5 kati ya nyumba na chumba, au kina kifupi. Dirisha la paa liwekwe karibu na ukuta wa zamani, si katikati ya chumba kipya ambacho tayari kina madirisha yake. Na kama uso wake unaelekea jua la mchana, weka kivuli cha nje. Pazia la ndani huzuia mng'ao lakini joto limeshaingia.

Chumba cha kulala kilichopo ambacho dirisha lake pekee linatazama nyuma hakiwezi kubaki chumba cha kulala. Kigeuze kuwa bafu, stoo au njia, au usijenge mbele yake. Wengi hulitambua hili ukuta ukiwa umefika kwenye lenta, yaani juu ya milango na madirisha.

Ubavuni

Ujia wa ubavuni wa mita 1.2 hadi 2 hauonekani kama chumba, na peke yake si chumba. Thamani yake ni kupanua kilichopo: jiko la mita 2.4 likipata mita 1.5 linakuwa jiko la kukaa watu. Unatoa ukuta mrefu na kuubadilisha kwa bimu, kwa hiyo fedha nyingi inaingia kwenye bimu na nguzo, si kwenye eneo. Kwa kila mita ya mraba, hili mara nyingi ndilo ghali zaidi, na bado linaweza kuwa bora zaidi kwa sababu mita hizo zinakaa mahali zinapotakiwa.

Angalia mambo matatu. Bomba la maji taka likiwa chini ya ujia, litahitaji kuhamishwa au kulindwa. Njia ya kwenda uani itafungwa, na siku karo (shimo la maji taka) likijaa, bomba la kunyonyea litapita wapi? Na ukuta mpya mpakani hauwezi kufunguliwa dirisha, hivyo mwanga wote utatoka juu.

Nyuma na ubavuni kwa pamoja

Umbo la L linazunguka kona ya nyumba, na kona ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote. Ukiiondoa, mzigo wa kuta mbili unakaa kwenye nguzo moja. Nguzo hiyo inataka msingi wake, bimu mbili zinakutana juu yake, na paa lina kona ya ndani ambako maji kutoka pande mbili yanakusanyika. Mshono wake ni mrefu karibu mara mbili ya ule wa kwenda nyuma tu. Chagua hili pale tu ambapo upande mmoja hautoshi kwa hesabu ya mita halisi, na ikiwezekana acha kona ya zamani isimame na nusu mita ya ukuta kila upande. Chumba hakitapungua uzuri, na mhandisi atakushukuru.

Kufunga baraza au gereji

Linaonekana rahisi kwa sababu paa na sakafu vipo. Kwa baraza, chimba ukingoni: mara nyingi utakuta jamvi, yaani sakafu ya zege, la sentimita 7 hadi 10 limelazwa juu ya kifusi, bila msingi wowote chini ya ukingo isipokuwa chini ya nguzo. Ukijenga ukuta wa matofali juu ya jamvi hilo, litapasuka sambamba na ukuta, sentimita 20 au 30 kwa ndani. Ama uchimbe msingi halisi kati ya nguzo na nguzo, ama uwazi huo uujaze kwa fremu nyepesi ya mbao au chuma na madirisha. Sakafu ya baraza pia imeinamishwa nje ili maji yatoke, na mara nyingi iko chini ya sakafu ya nyumba kwa ngazi moja; hiyo nafasi ni zawadi, kwani unaweza kutandika nailoni na zege jipya juu yake hadi ulingane na ndani.

Gereji ina mtego wake: chini ya mlango wa gari mara nyingi hakuna msingi. Kuta za pembeni zina msingi, ule upande wa wazi hauna, au una ukanda mwembamba wa zege. Ukuta wa kuziba mlango unahitaji msingi wake. Kuta za gereji huwa za tofali moja jembamba, zinalowa mvua ikipiga, kwa hiyo zinahitaji lipu ya nje au ukuta wa pili mwepesi kwa ndani wenye nafasi ya hewa.

Chumba cha uani, kimejitenga

Halina mshono kabisa, na kwa nyumba ambayo msingi wake unatembea ndilo chaguo la kwanza kabisa. Linafaa kwa ofisi, chumba cha mgeni, chumba cha kijana. Halifai kwa jiko wala kwa mzee anayehitaji kuangaliwa usiku. Gharama yake iliyofichika iko ardhini: bomba la maji taka la mita 12 kwa mteremko wa 1 kwa 40 linashuka sentimita 30. Kama chemba unayoungia ina kina cha sentimita 40, bomba litaanza karibu na uso wa ardhi. Pima hilo kabla ya kuamua kuweka choo huko.

Mshono wenyewe

Msingi mpya, pale unapogusa wa zamani, uishie kina kile kile cha wa zamani. Ukilazimika kushuka zaidi kwa ajili ya mfinyanzi, shuka kwa ngazi kadiri unavyoondoka nyumbani: ukishuka sentimita 30 zaidi, uwe umeondoka angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa msingi wa zamani. Mtaro mrefu uliochimbwa chini ya msingi wa zamani kwa siku moja unaweza kuangusha ukuta. Ikibidi kuchimba hapo, ni vipande visivyozidi mita 1, kimoja kikijazwa zege na kukomaa kabla ya jirani yake kufunguliwa, na mhandisi awepo.

Kuta zisifungamanishwe kwa kukata meno kwenye ukuta wa zamani. Nyumba ya zamani imemaliza kutulia ardhini; chumba kipya kitashuka milimita kadhaa katika mwaka wa kwanza, na meno yatakatika. Acha nafasi ya milimita 10 hadi 12 kutoka chini hadi juu, jaza povu laini, funga nje kwa gundi ya mpira. Ukuta ushikwe na ukanda wa chuma kisichoshika kutu uliofungwa kwa bolti kwenye ukuta wa zamani, na vishikio kila kozi (safu za matofali) mbili, yaani karibu kila sentimita 45. Ukuta wa zamani ukiwa wa mawe na udongo, bolti hazitashika: simamisha nguzo mpya ya zege kando yake, kila kimoja kijitegemee. Kwa ndani, lipu nayo ikatwe kwenye mstari huo huo. Fundi akipitisha lipu moja juu ya pengo, ufa utaonekana kabla ya rangi kukauka vizuri.

Sakafu zilinganishwe kwa bomba la maji jembamba linaloonyesha ndani. Lijaze maji bila povu, shika ncha moja kwenye sakafu iliyomalizika ndani, ncha nyingine kwenye kigingi nje. Maji yakitulia una usawa mmoja. Kutoka hapo shuka: kigae milimita 10, sakafu laini milimita 40, basi uso wa jamvi uwe milimita 50 chini ya sakafu ya zamani. Ukisahau hesabu hii unapata kizingiti ambacho kila mtu atajikwaa. Kwa nje, sakafu ya ndani iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi.

Kwa jamvi la mita za mraba 20 lenye unene wa sentimita 10, zege ni mita za ujazo 2. Kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko 12 hadi 13 ya kilo 50, mchanga kama mita za ujazo 0.9 na kokoto 1.8. Chini yake mawe ya sentimita 15 yaliyoshindiliwa, ambayo ukiagiza mita za ujazo 3 hayatatosha. Agiza karibu 3.7 kwa sababu yanashuka. Juu ya mawe tandaza mchanga wa sentimita 5 ili nailoni isitobolewe. Nailoni, yenye unene wa robo milimita, iagizwe mita za mraba 25: maungio yapandane sentimita 30 na pembeni ikunjwe kupanda ukutani hadi ikutane na kingio la unyevu la ukuta, yaani tabaka linalozuia unyevu wa ardhini usipande.

Hapo panazuka tatizo linalosahaulika. Ukuta wa nyuma wa zamani, ambao huenda hauna kingio la unyevu, ulikuwa ukikauka kwa nje. Sasa uko ndani, na ardhi iliyokuwa wazi imefunikwa nailoni. Unyevu unapanda kwenye ukuta huo. Bandua lipu ya zamani hadi kimo cha mita 1, uache ukauke wiki kadhaa, kisha upige lipu ya chokaa badala ya saruji ngumu inayofungia maji ndani. Na kama nyumba ina sakafu ya mbao iliyoinuliwa, tafuta matundu ya hewa chini ya ukuta wa nyuma. Jamvi jipya likiyaziba, mbao zitaoza. Pitisha mabomba ya milimita 100 chini ya jamvi kutoka kila tundu hadi kwenye ukuta mpya wa nje, na uweke wavu wa panya.

Bomba la maji taka linalopita kwenye msingi mpya lisimwagiwe zege likakazwa. Liwekee lenta fupi juu yake na nafasi ya sentimita 5 kuzunguka. Chemba isiachwe ndani ya chumba. Hamishia nje kabla ya kuchimba.

Kwenye ukuta wa ghorofa, bati la kuzuia maji lipande sentimita 15 juu ya paa jipya na ncha yake iingie milimita 25 kwenye mfuo uliokatwa katika maungio ya matofali. Gundi pekee iliyopakwa juu ya lipu hudumu misimu michache.

Kuvunja ukuta

Hufanywa mwisho, chumba kipya kikiwa kimeezekwa na kufungwa, ili familia iendelee kuishi upande wa pili. Usivunje upana wote. Uwazi wa mita 2.4 hadi 3 unatosha kwa vyumba viwili kuonekana kimoja, na vipande vya ukuta vinavyobaki kila upande vinaishikilia nyumba isiyumbe. Kwa makadirio ya awali tu, bimu ya zege huwa na kimo cha sehemu moja ya kumi hadi ya kumi na mbili ya uwazi: mita 3, sentimita 25 hadi 30. Nondo zake apange mhandisi. Ncha zikalie angalau sentimita 20 za ukuta mzima, juu ya kipande cha zege, si juu ya tofali la zamani linalomung'unyika.

Ukuta ulio juu ushikiliwe kwa mbao nene au vyuma vilivyopenyezwa ndani yake, kila kimoja kikikalia jeki mbili, ndani na nje, kwa nafasi zisizozidi mita 1. Jeki zikae juu ya ubao mrefu unaogawa mzigo. Kama sakafu ya ndani ni ya mbao, fungua mbao hizo ujeki ardhini. Jeki za bimu ya zege zisitolewe kabla ya muda aliotoa mhandisi. Siku 14 ni chache kwa bimu inayobeba ghorofa, na 28 ndiyo salama.

Ukibaki na machaguo mawili

Yaweke ardhini. Chora kwa majivu au chokaa mstari wa kuta za ndani, simamisha vigingi, leta meza na viti halisi, fungua mlango wa kabati wa kufikirika. Kisha mpe kila fundi mchoro ule ule wenye vipimo vya mshono: kina cha msingi wa zamani, usawa wa sakafu, mteremko wa paa, mahali pa chemba. Bei mbili za kazi zilizoelezwa tofauti hazilinganishiki, na fundi ambaye bei yake ni ndogo sana kwa kawaida ameacha mshono nje ya hesabu.

Kazi ikiisha, acha mstari wa mshono ndani bila rangi ya mwisho hadi mvua kubwa mbili zipite. Wakati wa mvua panda darini na tochi, angalia mbao zilizo chini ya maungio ya bati, na weka kiganja chini ya ukuta wa zamani, kwenye sentimita 20 za mwanzo. Penye baridi kuliko pengine ndipo maji yalipo.